Mwiba Usiouma: Kisukari na Ganzi ya Miguu



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio walinzi wa afya za nyumba zetu, juma hili tumeuweka kando mlango wa mirathi tuliokuwa tukiuendeleza, ili tuzungumze juu ya jambo lililotufika wenyewe. Nalo ni jambo la miguu.

Tulikuwa Hadado, magharibi mwa mji wa Wajir, kwa mwaliko wa walimu wenzetu wa madrasa. Atokaye kwetu Pwani hupitia Garsen na Hola hata akafika Garissa, kisha akapita Modogashe na Habaswein ndipo aingie Wajir, na kutoka hapo bado imesalia safari ya vumbi. Ni nchi ya ngamia na mbuzi, ya migunga na mchanga, na watu wake ni wakarimu hata mgeni huona haya. Siku ya pili, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja alinyanyuka kwenda zake, na nyuma yake, juu ya mkeka, tukaona alama za damu, moja baada ya nyingine, kila alipokanyaga.

Kijana mmoja akamwita, "Adeer, ngoja, unatoka damu!" Mzee akaketi, akaugeuza unyayo wake. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama chini ya kidole gumba, umebaki ncha tu. Akautazama kama mtu autazamavyo mguu wa mwenziwe. Ulimwingia lini? Hakujua. Huenda alisali nao Adhuhuri na Alasiri, na huenda ulikuwamo tangu Alfajiri.

Mwuguzi mmoja, mtoto wa mwenyeji wetu, alikuja kumsaidia. Alipouliza kama mzee ana sukari, jibu lilikuwa ndiyo, miaka mingi sasa. Kule maradhi haya huitwa macaan, yaani utamu. Kisha mzee akasema neno ambalo hatujalisahau. Alisema kwamba zamani miguu yake ilikuwa ikimwaka moto usiku, halali, hataki hata shuka imguse. Lakini sasa, alhamdulillahi, imepoa, haimsumbui tena.

Yule mwuguzi akainamisha kichwa. Baadaye, tulipokuwa faraghani, akatwambia, "Maalim, yule mzee hakupona. Mishipa iliyokuwa ikilia imekufa, ndiyo maana imenyamaza."

Maumivu ni mlinzi

Ndugu zetu, sisi hudhani maumivu ni adui. La hasha. Maumivu ni katika neema ambazo Mwenyezi Mungu ametupa na hatuzihesabu. Mkono ukigusa sufuria ya moto hujiondoa kabla hata akili haijafikiri. Kokoto ikiingia kiatuni, mtu husimama akaitoa. Asiyehisi hatasimama. Ataendelea kutembea juu ya kokoto ile mchana kutwa, na jioni atavua kiatu akute kidonda.

Jambo hili lilidhihirika kwanza kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India na kisha, kuanzia 1966, katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, nchini Marekani, alionesha kuwa vidole vya wagonjwa wale haviozi vyenyewe kama watu walivyodhani. Vilikuwa vikiungua, vikikatwa na kuchubuliwa kila siku, na mwenyewe hana habari kwa kuwa hahisi. Maarifa hayo yakahamishiwa kwa wagonjwa wa kisukari, kwa maana miguu yao hupatwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Na wanahistoria wa tiba hutaja kwamba tabibu wetu Ibn Sina, aliyefariki 1037, alikwishaandika zama zake juu ya mkojo mtamu na juu ya kuoza kwa viungo vya wenye maradhi haya.

Ni vipi sukari huua hisia? Mishipa ya fahamu, ambayo matabibu huiita neva, ni kama nyaya zipelekazo habari baina ya viungo na ubongo. Nayo huhitaji chakula, na hulishwa na mishipa midogo mno ya damu. Sukari inapokuwa juu katika damu kwa muda mrefu, huidhuru neva yenyewe na huiharibu ile mishipa midogo iilishayo. Neva iliyo ndefu zaidi ndiyo hudhurika mwanzo, na iliyo ndefu kuliko zote ni ile ifikayo vidoleni mwa miguu. Ndiyo sababu ganzi huanzia vidoleni, ikapanda taratibu kama mtu avaaye soksi, na aghalabu ikifika karibu na magoti ndipo huanza kwenye ncha za vidole vya mikono.

Dalili, na ukosefu wa dalili

Dalili za mwanzo ni hizi: kuwashwawashwa kama kutambaliwa na sisimizi, kuchomwachomwa kama kwa sindano, kuwaka moto nyayo, hasa usiku, kuumwa na mguso wa shuka, kuhisi kana kwamba unakanyaga pamba au umevaa soksi ilhali mguu u mtupu, kushindwa kutambua baridi ya sakafu au moto wa maji. Wengine huona ndara imewatoka mguuni bila kujua. Ngozi ya mguu nayo hukauka na kupasuka, kwa kuwa neva ziamrishazo jasho zimedhoofika. Na mwenye kisukari ambaye huona kizunguzungu kila ainukapo kutoka kwenye sijda asiseme ni uzee tu. Huenda neva zisimamiazo shinikizo la damu nazo zimeguswa. Amweleze daktari.

Lakini lililo zito zaidi ni hili: wataalamu wanakadiria kuwa hadi nusu ya waliodhurika neva za miguu kwa kisukari hawana dalili yoyote wanayoihisi. Haumwi, hawashwi, hana habari. Basi asemaye "nitakwenda nikihisi kitu" anasubiri habari kutoka kwa mjumbe aliyekwisha kufa.

Tuongeze juu ya hayo kwamba wengi hata hawajui kama wana kisukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa katika Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wenye maradhi haya hawajagunduliwa. Na neva huweza kuwa zimeanza kuharibika siku ile ile mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kuwa ana sukari. Ndiyo maana kanuni ya matabibu ni kwamba mwenye kisukari cha aina ya pili, kile kiwapatacho zaidi watu wazima, apimwe miguu tangu siku anapogunduliwa, na baada ya hapo kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, huanza kupimwa miaka 5 baada ya kugunduliwa. Aliyekwisha kupoteza hisia apimwe mara nyingi zaidi, kila baada ya miezi michache, kadiri atakavyoambiwa.

Kipimo cha kidole kimoja

Usiku ule, baada ya Isha, tukinywa chai kwa mwenyeji wetu, yule mwuguzi alitugeukia. "Maalim, na wewe si una sukari?" Tukasema naam, mwaka wa saba sasa. "Umewahi kupimwa miguu?" Tukanyamaza. Ukweli ni kwamba katika miaka yote ile tulikuwa tukienda kupimwa damu, tukichukua dawa, tukirudi nyumbani, na hatukupata hata siku moja kuvua viatu mbele ya tabibu. Hatumlaumu mtu. Hatukuulizwa, nasi hatukusema.

Akatuambia tufumbe macho. Akasema atagusa vidole vyetu vya miguu, nasi kila tukihisi mguso tuseme "ndiyo", na tutaje ni mguu wa kulia au wa kushoto. Tukafumba. Tukasema ndiyo, kulia. Ndiyo, kushoto. Tukasema ndiyo mara nne. Tukangoja. Tulipofumbua macho tulimkuta amekwisha kukaa kitako, anatutazama. Alikuwa amegusa mara sita.

Kipimo hicho kilibuniwa na matabibu wa mji wa Ipswich nchini Uingereza na kutangazwa mwaka 2011, kisha kikalinganishwa na vipimo vya hospitali na kuonekana kinakaribiana navyo. Hakihitaji chombo chochote, na kila mama anaweza kukifanya nyumbani. Namna yake ni hii:

Mwenye kisukari avue soksi na viatu, alale au aketi akiwa amenyoosha miguu, kisha afumbe macho. Anayempima aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, mguso mwepesi kabisa wa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asisugue, asigonge, wala asirudie pale ambapo hakujibiwa. Aguse ncha ya kidole gumba cha mguu, ncha ya kidole cha kati, na ncha ya kidole cha mwisho, katika miguu yote miwili. Jumla ni mahali sita. Asiyehisi mahali pawili au zaidi, hiyo ni ishara kuwa huenda hisia zimepungua, naye aende kwa tabibu. Na aliyehisi pote sita asijione amesalimika moja kwa moja. Kipimo cha mwaka hospitalini bado ni haki yake.

Huko hospitalini tabibu atatumia uzi wa nailoni uliopimwa, ambao hujipinda unapobanwa kwa uzito wa gramu 10. Asiyehisi uzi huo unyayoni amepoteza kinga ya maumivu, na yumo katika hatari ya vidonda. Lakini uzi peke yake haugundui madhara yaliyo machanga. Kwa hiyo tabibu huongeza uma wa chuma unaotetema mara 128 kwa sekunde, akauweka juu ya kidole gumba cha mguu aulize kama unahisi mtetemo. Huchoma kidogo kwa ncha ya pini, au hujaribu kwa kitu cha baridi na cha moto. Hugonga kwa kinyundo cha mpira nyuma ya kisigino. Na hutafuta mapigo ya damu miguuni. Yote haya hayachukui muda mrefu wala hayaumizi. Tukiingia kwa daktari, basi, tuvue viatu bila ya kungoja kuambiwa, na tuseme, "Daktari, naomba unitazame miguu." Si utovu wa adabu.

Ganzi pia ina sababu nyingine. Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi, na metformini, dawa inayotumiwa na wengi wenye kisukari, ikitumiwa miaka mingi huweza kuipunguza vitamini hiyo. Baadhi ya dawa za kifua kikuu nazo hugusa neva. Sababu hizi zikijulikana mapema hutibika. Kwa hiyo usijihukumu mwenyewe. Ueleze unatumia dawa gani, wala usiache dawa kabla ya kumwuliza aliyekupa.

Kugundua mapema kuna faida gani?

Wapo watakaouliza: ikiwa neva iliyokufa hairudi, kuna faida gani kujua? Jibu ni kwamba yule mzee hakupoteza hisia kwa siku moja. Ulikuwapo wakati miguu ilipowaka moto, na wakati ule kulikuwa na la kufanya. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, na kutangazwa mwaka 1993, ulionesha kuwa waliodhibiti sukari kwa makini walipungukiwa na madhara ya neva kwa takriban asilimia 60 kuliko wenzao. Katika aina ya pili faida kwa neva si kubwa kiasi hicho, lakini kushusha sukari, kushusha shinikizo la damu, kuacha tumbaku na kutembea kila siku hubaki kuwa ndiyo njia.

Na hata ambaye hisia zimekwisha kuondoka, kujua kwake ni kinga. Katika watu waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari, walio wengi mno walianza na kidonda kidogo: malengelenge ya kiatu, mwiba, ukucha uliokatwa vibaya. Ajuaye kwamba mguu wake hausemi, atautazama kwa macho.

Udhu wetu ni darubini yetu

Hapa, ndugu zetu, tuna jambo ambalo wengine hawana. Sisi huosha miguu kwa ajili ya sala. Tumeonywa vikali juu ya visigino visivyofikiwa na maji, na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akipitisha kidole chake kidogo baina ya vidole vya miguu yake. Ni mara ngapi tumeipitisha sunna hiyo kwa haraka, macho yako kwingine? Mwenye kisukari naaitazame miguu yake anapotawadha: juu, unyayoni, kisigino, na baina ya kila kidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au atazamwe na mwanawe. Kisha aukaushe mguu vizuri, hasa baina ya vidole, kwani unyevu huleta fangasi na mipasuko. Mafuta yapakwe juu na unyayoni, yasipakwe baina ya vidole.

Maji ya moto yajaribiwe kwa kiwiko, au na mwengine mwenye hisia, kabla ya kutia mguu. Tusiote miguu kwenye jiko la makaa. Tusitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, na viatu tuvikung'ute kabla ya kuvaa. Hadado hutoka nge, na kwetu hutoka kokoto na pini za nguo. Mchana wa Ijumaa ndara zivuliwe mlangoni kabisa mwa msikiti, kwa kuwa sakafu iliyopigwa na jua huunguza unyayo usiohisi. Na wanaokwenda Hija walizingatie hilo zaidi. Kucha zikatwe kwa kunyooka, na sugu zisikatwe kwa wembe.

Mama zetu, mpakapo hina miguuni mwa bibi au mama mwenye sukari, tumieni fursa hiyo kuikagua. Na piko jeusi liepukwe, kwa kuwa huweza kuunguza ngozi, naye asijue. Wapo pia wanaochoma miguu kwa chuma cha moto wakidhani wanatoa maumivu. Mtume wetu (S.A.W.) aliitaja tiba ya moto lakini hakuupendelea umma wake, na kwa mguu wa kisukari ni kuongeza kidonda juu ya msiba. Anayefanyiwa hijama aseme mapema kwamba ana sukari, na miguu iachwe.

Kidonda chochote, hata kidogo na hata kisichouma, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kadhalika mguu uliovimba na kuwa na moto bila maumivu. Mwenye bandeji asiogope kwamba sala yake itaharibika. Fiqhi ina mlango wa kupaka maji juu ya bandeji na mlango wa tayammum, na mwalimu wako atakuongoza. Dini hii haikuja kututaabisha.

Tuliporudi Pwani tulivua viatu mbele ya tabibu. Uzi wa gramu 10 tuliuhisi karibu pote. Mtetemo wa chuma katika vidole gumba hatukuuhisi. Tumeambiwa kuwa tumewahi, ingawa tungaliweza kuwahi zaidi. Chai yetu sasa haina sukari, na kila usiku kabla ya kulala ahali yetu huleta taa akatutazama nyayo. Mwanzo tuliona haya. Sasa twaona ni katika mapenzi na rehema ambazo Mwenyezi Mungu amezijaalia baina ya mume na mke.

Yule mzee wa Hadado alipelekwa hospitali Wajir mjini. Tumepata salamu kwamba kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga, lakini mguu umebaki, na sasa hatoki bila viatu vya kufunika vidole. Mwiba ule ungaliingia siku ambayo hakuna aliyekuwa nyuma yake, pengine salamu zingalikuwa nyingine.

Basi usiku wa leo, baada ya Isha, mwite mzazi wako mwenye sukari, umwambie afumbe macho. Ni miguso sita tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atuhifadhie viungo vyetu, na atujaalie tusimame mbele yake katika sala kwa miguu yetu miwili hadi siku ya kuondoka kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.